Mbuzi wa Mama na Neno "Tu"

*Mama Zamu,*

*Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Kanamkemer, hapa Lodwar. Nilimaliza kozi ya uhudumu wa dharura (EMT) Eldoret miezi 14 iliyopita, na tangu hapo nimekanyaga lami mpaka soli zimeisha. Nimeandikia kampuni za ambulensi Nairobi, hakuna hata moja iliyojibu. Kakuma nimejitolea miezi tisa kwenye zahanati moja, nalala kwa shangazi, na nauli napewa siku wakikumbuka. Mwezi jana niliitwa kwenye usaili. Wakaniuliza nitafanya nini nikipigiwa simu kwamba mchungaji ameumwa na nyoka. Jibu nililijua, ila ulimi uliganda. Wakachukuliwa watu waliotoka "Kenya", kama tunavyopaita nje ya Turkana. Nafasi nyingine naona zinaenda kwa wakimbizi.*

*Sasa kuna mtu Kakuma anasema kampuni ya ambulensi imepata mkataba mpya, na kwa shilingi 70,000 ataniingiza. Nimeshamtumia 5,000 za kufungua faili. Mama ana mbuzi 11, mmoja ana mimba. Anasema tuuze tisa, tubaki na huyo mwenye mimba na mwenzake. Mjomba anakataa, lakini sababu yake ni kwamba mwanamke hawezi kubeba machela.*

*Mimi natoka Lodwar tu, sina mtu mkubwa wa kunishika mkono. Najua Kiturkana tu, Kiswahili, Kiingereza cha shule na Kiarabu kidogo cha sokoni. Nifanyeje?*

*Aliyechoka, Lodwar*

Mwanangu,

Mbuzi wasiuzwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu siku ya mnada haingoji gazeti, na huenda mama ameshaanza kuwachagua.

Huyo mtu wa Kakuma hana kazi ya kukupa. Kampuni inayotafuta watu wa kukesha usiku na kushika damu ya wenzao haimtumi mtu mmoja kuzunguka akikusanya pesa kwa M-Pesa. Mpime hivi: akuonyeshe tangazo la kazi lenye jina la ofisi, namba ya kumbukumbu na tarehe ya mwisho. Kisha itafute kampuni yenyewe kwa njia yako, wala usitumie namba atakayokupa yeye. Kama mkataba ni wa kaunti, zabuni ya umma hutangazwa. Halafu waulize madereva wa ambulensi zilizopo. Dereva hujua mkataba unaisha lini na unaanza lini kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndio ugali wake.

Hata nafasi hiyo ingekuwepo kweli, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa sawa na anayepokea. Na fikiria ni kazi gani unayoiomba. Mtu amezimia kando ya barabara, simu yake na pesa alizouzia ng'ombe ziko mfukoni, na wewe ndiwe utakayemvua shati. Kazi kama hiyo haianzi kwa bahasha.

Zile 5,000, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uupeleke polisi au kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Baada ya hapo zihesabu kuwa karo ya somo lililokwisha. Usizifuate na 65,000 nyingine.

Mama yako simlaumu. Mvua ilipokosekana misimu 5 mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, mifugo ilikufa kwa wingi Turkana nzima. Aliyebaki na mbuzi 11 leo ni mtu aliyepigana. Mwambie: "Mama, hawa ndio chakula chetu msimu mwingine ukikosekana. Nikianza kazi nataka kuwakuta." Usimwambie ametapeliwa. Mwambie umesikia upendo wake, ila pesa haziendi huko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Barua zako umezituma Nairobi kwa sababu huko ndiko kwenye majina ya kampuni. Lakini ambulensi binafsi hufuata bima na wateja walio karibu karibu. Piga hesabu ya huku kwetu: Kakuma hadi Lodwar ni karibu kilomita 120. Lodwar hadi Kitale ni karibu 300, na anayehitaji daktari bingwa huenda akafikishwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Mgonjwa mmoja anaweza kula siku nzima ya gari, mafuta, dereva na mhudumu. Mchungaji wa Lokitaung hana kadi ya kulipia hayo. Ndiyo maana Turkana ambulensi utakayoiona aghalabu ni ya kaunti, ya hospitali ya misheni, ya Msalaba Mwekundu au ya shirika la misaada. Hata kampuni kama E-Plus, iliyoanzishwa na Msalaba Mwekundu mwaka 2010, baada ya ugatuzi wa 2013 ilipanuka kwa kukodishia kaunti kadhaa magari pamoja na wahudumu. Kampuni zipo, ila mteja ni kaunti. Wewe umekuwa ukibisha mlango wa Nairobi, na ufunguo uko karibu na kwenu.

Kwa hiyo orodha yako ianzie hapa: Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti; Hospitali ya Rufaa ya Lodwar; Hospitali ya Misheni ya Kakuma; tawi la Msalaba Mwekundu; na mashirika yanayoendesha afya kambini, kama IRC, ambayo imekuwa Kakuma tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992. Usiyasahau pia maeneo ya ujenzi wa barabara, na Lokichar, ambako mafuta yaligunduliwa 2012. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka waajiri wawe na huduma ya kwanza mahali pa kazi, na kampuni inayochimba mbali na hospitali humhitaji mtu kama wewe. Tamasha la utamaduni la Tobong'u Lore likifika na Lodwar ikajaa wageni, uwe umeshajiandikisha na wale wanaosimama uwanjani na begi la huduma ya kwanza. Hiyo ni zamu ya siku mbili tatu, lakini wasimamizi wa ambulensi watakuona ukifanya kazi.

Nikuambie na lingine ili usilale ukijilaumu. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, mashirika yalipunguza watu, wakiwemo wenye uzoefu wa miaka mingi. Huenda wengine wao mlikuwa nao kwenye foleni ile ile ya usaili. Kimya cha miezi 14 si hukumu juu yako.

Na wakimbizi usiwaonee kijicho. Wengi wanaofanya kazi kambini hulipwa kile wanachokiita insentivu, posho iliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya wanayefanya naye kazi bega kwa bega. Hawakukunyang'anya sahani. Tena hicho Kiarabu chako umekipata kwao, na utakihitaji usiku ambao mgonjwa wako atakuwa mama kutoka Sudan Kusini.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Katika barua yako umeandika "natoka Lodwar tu", na sentensi iliyofuata ukaandika "najua Kiturkana tu". Ningekuwa na kalamu nyekundu ningeyafuta yote mawili kabla ya kusoma zaidi. Nakuambia ni kwa nini.

Mimi ni mtu wa Kitale. Nilikuja Turkana nikiwa nesi kijana, vyeti vyangu vimepangwa kwenye bahasha ya plastiki. Mwezi wa kwanza nilipewa rufaa ya usiku, barabara ya Kakuma kwenda Lodwar ikiwa bado mashimo matupu. Nyuma ya gari nilikuwa na mama aliyejifungua mchana. Shinikizo la damu nilikuwa nimelipima wakati wa kuondoka na kuliandika vizuri. Njiani akawa anarudia neno moja: ng'akipi, ng'akipi. Nilimpapasa mkono nikamwambia "pole, tunafika". Nilidhani analalamika maumivu, na mimi nikatazama saa.

Dereva ndiye aliyepunguza mwendo, akasema bila kugeuka: "Sista, huyo anataka maji. Anasema kiu haimwishi tangu jioni." Kiu isiyoisha kwa mama aliyezaa mchana huo! Hilo nilifundishwa darasani na nilijibu kwenye mtihani. Nikafunua shuka, nikakuta godoro limelowa damu. Tulisimama pale pale katikati ya mathenge, nikakanda mfuko wa uzazi, nikaongeza dripu, nikampa dawa iliyokuwemo kwenye sanduku, dereva akishika tochi na kunitafsiria. Mama yule alifika Lodwar akiwa hai. Lakini sijawahi kujidanganya juu ya aliyemwokoa. Mimi nilikuwa na cheti. Neno "maji" alikuwa nalo dereva.

Wewe unavyo vyote viwili ndani ya mtu mmoja, na umeviandikia "tu".

Usidhani hii ni faraja ya bibi mzee. Kazi yako yenyewe ilichipuka hivyo. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, wagonjwa walikuwa wakibebwa na magari ya polisi ambayo hayakuwa na mtu wa kuwatibu njiani. Daktari Peter Safar, yule aliyeendeleza mbinu za kufufua moyo na pumzi, akashirikiana na shirika la Freedom House kuwafunza vijana Weusi wa mtaa wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi, na wengine hawakumaliza sekondari. Mji ulikuwa umewaita watu wasioajirika. Wao ndio walioujua mtaa, ngazi zake, vichochoro vyake na watu wake, na wakaja kuwa miongoni mwa wahudumu bora wa dharura nchini mwao. Daktari wao, Nancy Caroline, alitunga mtaala uliotumika Marekani nzima. Miaka ya 1980 daktari huyo huyo alifanya kazi hapa Kenya, na AMREF. Sitashangaa kama baadhi ya yale uliyofundishwa Eldoret yalipitia mikononi mwa vijana wale.

Mcheza kwao hutuzwa, lakini lazima kwanza kwao wamwone akicheza. Kwa hiyo chukua CV yako uiandike upya. Ile ya sasa naweza kuikisia: "Kijana mchapakazi, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Hayo huandikwa na kila mtu. Andika yako: "Nazungumza Kiturkana kama lugha ya mama, Kiswahili na Kiingereza, Kiarabu cha Juba cha mazungumzo. Naijua barabara ya Lodwar, Kakuma na Lokichoggio na laga zinazofunga mvua ikinyesha. Miezi 9 ya kujitolea Kakuma." Hapo kwenye miezi 9 usiandike "nilisaidia". Andika ulichofanya: akina mama wangapi walijifungua ukiwa kando yao, rufaa ngapi ulisindikiza, ulipima nini na ulikabidhi kwa nani. Kama hukuweka hesabu, nunua daftari leo, na usiandike jina la mgonjwa ndani yake. Mwombe nesi mkuu wa zahanati barua iliyopigwa mhuri. Ukifanya kazi bure miezi tisa, barua ni haki yako.

Karatasi nyingine ziweke tayari kabla ya tangazo, maana matangazo ya kwetu hufungwa upesi. Kadi ya BLS, ile ya huduma za msingi za kuokoa maisha, hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo angalia yako isikufie mkononi. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema utaanzia eCitizen, na Huduma Centre ipo hapo hapo Lodwar. Na nikuambie ukweli: kama kuna mbuzi mmoja au wawili wa kuuza kwa hiari ya mama, basi auzwe kwa leseni ya udereva. Mhudumu anayeweza kushika usukani dereva akizidiwa ni sawa na watu wawili kwa mwajiri.

Sasa ule usaili. Ulimi uliganda kwa sababu jibu lilikuwa kichwani, halijawahi kupita mdomoni. Dawa yake ni kusema kwa sauti. Mlaze mdogo wako chini, mwambie ameumwa na nyoka, uanze. Na uanzie pale ambapo mtu wa Nairobi hawezi kuanzia:

"Ningemuuliza aliyepiga simu wako wapi, laga gani iko katikati, na kama ina maji. Ningemwambia mgonjwa asitembezwe, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, na mkono usifungwe kamba. Bangili, pete na kisu cha mkononi vitolewe sasa hivi, kabla ya kuvimba. Ningepigia hospitali nijue dawa ya sumu ya nyoka ipo au tuelekee kwingine. Nikifika naangalia usalama wetu, kisha njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu na fahamu. Mkono naufunga banzi ili utulie, na namfuatilia mpaka namkabidhi."

Angalia hapo kwenye bangili. Mgeni atakuja na mkasi, na mama wa watu atakataa. Wewe unajua nani wa kuombwa ruhusa na kwa maneno gani, na utaipata kabla mkono haujajaa. Waambie hilo wasaili wako. Wamesoma kitabu kile kile ulichosoma. Hilo la ruhusa halimo.

Mjomba wako amepata jibu sahihi kwa hesabu mbovu. Machela hubebwa na watu wawili au wanne, kwa miguu na kwa kuhesabu pamoja. Mgongo wenye nguvu usiojua kuinama huishia kuwa mgonjwa wa pili. Na sehemu kubwa ya dharura utakazosindikiza itakuwa ya uzazi. Muulize mkewe angependa nani akae naye nyuma ya gari.

Siku mkataba utakapokuja, usiutie saini kwa furaha peke yake. Uliza mshahara hulipwa na nani ikiwa kaunti imechelewesha malipo kwa kampuni. Uliza kama umekatiwa bima ya majeraha kazini chini ya sheria ya WIBA ya 2007, chanjo ya homa ya ini kama utapewa, na zamu ni saa ngapi. Uliza ukifika Kitale saa nane usiku utalala wapi, na nani huamua kama gari lipite Kainuk usiku siku ambazo kuna fununu za wavamizi. Mwajiri mzuri hatachukia maswali haya. Anayechukia amekujibu tayari.

Jipe miezi 6 ya mpango huu. Ikipita bila kitu, nenda Kitale au Eldoret ukafanye zamu za kuitwa, na usione haya. Ni shule yenye posho. Au angalia diploma ya afya, kwa kuwa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, kina tawi hapo hapo Lodwar. Cheti cha EMT peke yake ni ngazi fupi, na watu wengi wa ambulensi wanaoheshimika huongeza uuguzi au tiba juu yake.

Kesho asubuhi fanya mambo mawili: mnunulie mama sukari mkae muongee, kisha uandike ile CV bila neno "tu" hata mara moja. Ukiniandikia tena, anza na hesabu ya mbuzi. Nataka kusikia 11, au 12 kama yule mwenye mimba ameshazaa; na kama kuna aliyepungua, awe ameenda kwa leseni ya udereva.

Wako,
Mama Zamu